Kiwanja Kifapo, Nyayo Zisizikwe

Kila kilichojengwa kwa mkono wa mtu kina siku yake ya kubomoka. Jambo hili halina mabishano, wala si nia yangu kulibisha. Nyumba hubomoka, misikiti na makanisa hubomoka, na viwanja vya michezo navyo hubomoka. Sigombani na kifo cha viwanja. Nagombana na maziko yake. Nimeona kwamba kiwanja kifapo, watu huzika pamoja nacho kitu ambacho hakikufa, yaani mahali hasa ambapo tendo kubwa lilitendeka. Nashikilia katika kurasa hizi kwamba mahali hapo pana haki ya kubaki na alama, hata kama kila tofali limekwenda. Na kwamba haki hiyo haipungui kwa sababu aliyelitenda tendo alikuwa mgeni katika mji ule.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kutunga utenzi mfupi wa kumsifu mtu wa nchi yetu ambaye sifa zake zilivuka bahari. Kijana mmoja alimchagua Filbert Bayi. Alitunga vizuri, vina vilikaa mahali pake, mizani ilitimia. Katika beti za mwisho alimwita msomaji asafiri mpaka Christchurch, New Zealand, akasimame katika kiwanja kile na kuzihesabu nyayo. Nililazimika kumwambia kwamba kiwanja kile hakipo tena. Kilianza kubomolewa mwaka 2012. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi, Mwalimu, beti zangu za mwisho hazina pa kukanyaga.” Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwani alikuwa amesema neno ambalo sikuwa na jibu lake. Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa.

Kwanza na tulikumbuke tendo lenyewe, maana mwenye kudai alama lazima aonyeshe kinachostahili kutiwa alama. Tarehe 2 Februari 1974, siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mbio za mita 1,500 ilikimbiwa katika uwanja wa Queen Elizabeth II Park, upande wa mashariki wa mji wa Christchurch. Bayi, kijana aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, hakungoja. Desturi ya mbio zile ilikuwa kujificha katika kundi, kupimana kwa macho, na kuchomoka katika mzunguko wa mwisho. Yeye alitangulia tangu mlio wa bastola, akawaacha wenzake nyuma kwa hatua nyingi, na wote waliomtazama walidhani ataishiwa pumzi. Hakuishiwa. John Walker wa New Zealand alimkaribia katika nchi yake mwenyewe, mbele ya watu wake mwenyewe, lakini hakumpata. Bayi alifika kwa dakika 3 na sekunde 32.2, Walker kwa dakika 3 na sekunde 32.5, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Rekodi ya dunia iliyokuwa ya Jim Ryun wa Marekani tangu mwaka 1967, dakika 3 na sekunde 33.1, ilivunjwa na watu wawili katika mbio moja. Rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyowekwa siku ile ilidumu mpaka mwaka 2022.

Wala Bayi hakuwa peke yake. Katika uwanja huo huo, siku zile zile, Jipcho alishinda mbio za mita 5,000 na mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na John Kipkurgat, Mkenya mwenziwe, alishinda mita 800. Kwa hiyo nisemapo kwamba ardhi ile ina kurasa za historia ya Afrika Mashariki, situmii lugha ya ushairi. Nasema kama asemavyo karani wa masjala.

Mji wa Christchurch ulikuwa na uwanja mwingine mkubwa, mkongwe zaidi, ulioitwa Lancaster Park. Watu walicheza hapo tangu miaka ya 1880. Hapo ndipo New Zealand ilipocheza mechi yake ya kwanza kabisa ya kriketi ya kimataifa ya daraja la juu, Januari 1930, dhidi ya Uingereza. Hapo vilevile, juu ya majani matupu, Peter Snell alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 44.3 tarehe 3 Februari 1962, akaweka rekodi ya dunia. Tazama tarehe hizo, msomaji: toka mbio za Snell mpaka mbio za Bayi ni miaka kumi na miwili kasoro siku moja. Mji mmoja, viwanja viwili, rekodi mbili za dunia za mbio za kati, mwenyeji mmoja na mgeni mmoja. Ni miji michache duniani iliyojaliwa urithi wa namna hiyo.

Kisha ardhi ikatikisika. Tarehe 22 Februari 2011, mchana, tetemeko liliupiga mji ule na kuwaua watu 185. Katika sehemu za mashariki ardhi iligeuka tope, ikafoka maji na mchanga, ikapinda na kudidimia. Viwanja vyote viwili viliumia kiasi cha kutofaa. Queen Elizabeth II Park kilianza kubomolewa mwaka uliofuata. Lancaster Park kilingoja zaidi huku watu wakibishana juu ya bima na gharama, mwisho kikaanza kuvunjwa mwaka 2018. Penye njia ya kukimbilia ya Bayi pameinuka majengo mapya: kituo cha michezo na kuogelea kiitwacho Taiora, kilichofunguliwa mwaka 2018, na shule mbili za sekondari zilizohamia hapo mwaka 2019. Penye Lancaster Park pamekuwa viwanja vya wazi vya watu wa mtaani. Riadha ilihamishiwa upande mwingine wa mji, kwenye viwanja vya Ngā Puna Wai.

Silaumu hata moja katika hayo. Watoto wanahitaji shule kuliko wanavyohitaji majukwaa matupu, na mzee anayeogelea katika maji safi ana haki kubwa kuliko saruji iliyopasuka. Ila angalia kilichobakizwa. Lancaster Park kilikuwa na lango la kumbukumbu ya wanamichezo waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Lango lile liliachwa lisimame. Majukwaa yalikwenda, lango likabaki. Mji ulijua, bila ya kufundishwa, kwamba kuna vitu ambavyo tingatinga halina ruhusa ya kuvigusa. Nausifu kwa hilo, na sifa yangu ndiyo mwanzo wa hoja yangu. Lango lilisalimika kwa sababu lilikuwa jiwe, na kwa sababu lilikuwa limekwisha pewa heshima zamani. Mstari aliouvuka Bayi haukuwa jiwe. Ulikuwa rangi nyeupe juu ya njia ya kukimbilia. Je, rangi haina haki kwa kuwa si jiwe? Hilo ndilo kosa la fikira ninalopigana nalo. Tumezoea kuhifadhi vitu kwa uzito wake na si kwa maana yake. Kilicho kizito hubaki kwa kuwa ni taabu kukiondoa. Kilicho chepesi hupeperuka, hata kama dunia nzima ilisimama kukitazama.

Najua watakaonipinga, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu. Na tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema, “Filamu ipo. Mbio zile zinaweza kutazamwa na yeyote apendaye. Mahali pa nini tena?” Namjibu kwamba filamu humwonyesha mtu jambo lililokwisha, lakini haimpi urefu wake. Mwanafunzi wangu ameitazama filamu ile mara nyingi, wala hakujua mita 1,500 ni nini mpaka alipozitembea. Mtu akisimama pale ambapo Bayi alianza kuchomoka, akayatupa macho mpaka pale alipomaliza, huelewa kwa miguu jambo ambalo jicho haliwezi kumweleza. Tena filamu huchagua cha kuonyesha, ardhi haichagui. Nasi walimu wa fasihi tunalijua hili vema kuliko wengine. Tunazo hati za mashairi ya kale ya Kiswahili, nyingine zimehifadhiwa katika maktaba za London na Hamburg, nazo twashukuru kuwa nazo. Walakini mwenye kuyasoma mashairi ya Pate bila kupajua Pate, husoma kwa jicho moja.

Wa pili atasema, “Michezo ni michezo. Hifadhi mahekalu na majumba ya wafalme. Usitushughulishe na watu waliokimbia kwa kuzunguka.” Huyu namkaribisha Kilwa Kisiwani. Magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na mimi ni wa kwanza kufurahi. Katika Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane, ambamo wakubwa wa zama zile waliburudika. Tunalihifadhi birika lile, tunawaonyesha wageni, tunaandika vitabu juu yake. Vizuri. Lakini iwapo anasa ya sultani inastahili hifadhi kwa kuwa ni ya kale, jasho la raia litasubiri miaka mingapi ndipo listahili? Jibu la kweli ni kwamba halisubiri miaka. Linasubiri mtu wa kulithamini. Mawe ya wafalme hayakujihifadhi yenyewe. Palikuwa na watu waliosema yasing’olewe. Lau watu hao wangalingoja mpaka kila mmoja akubali, leo Kilwa ingekuwa chokaa ya nyumba za watu.

Wa tatu ni mzito kuliko hao wawili, nami namjibu kwa sauti ya chini. Yeye atasema, “Mji uliozika watu 185 hauna nafasi ya kulia njia ya kukimbilia.” Hapana shaka roho ya mtu haipimwi na mstari wa rangi, na mwenye kuzipima pamoja hana adabu. Hata hivyo mji huo huo umetufundisha jambo. Kando ya mto Avon limejengwa ukuta wa kumbukumbu, ukazinduliwa tarehe 22 Februari 2017, na juu yake yameandikwa majina ya waliokufa, jina kwa jina. Miongoni mwao walikuwamo wageni wengi waliotoka mbali. Waliouandika ukuta ule walikiri kwamba jina la mtu na mahali pake ni deni la walio hai. Mimi sidai kwamba deni la furaha lilipwe kabla ya deni la msiba. Nadai tu lisifutwe kwa kuwa msiba ulikuwa mkubwa. Mji unaokumbuka vifo vyake peke yake, na kusahau siku ulizoshangilia, unabaki na nusu ya maisha yake.

Wa nne atataja fedha. Na kwa kuwa fedha hupenda kusikilizwa, na isikilizwe. Christchurch wenyewe wanajua gharama ya kutaka kurudisha kila kitu. Kanisa lao kuu la katikati ya mji lilivunjika katika tetemeko. Mwaka 2017 iliamuliwa likarabatiwe, na mwaka 2024 kazi ikasimamishwa kwa upungufu wa fedha. Yawezekana uamuzi ule ulikuwa mwema, yawezekana haukuwa. Mimi si mhasibu wao. Ila ninachokidai mimi si jukwaa, si mnara, si paa. Nadai mstari mmoja wa jiwe uliolazwa ardhini kwa usawa wa nyasi, na maneno machache kando yake. Mtoto wa shule ataukanyaga akienda darasani. Mzee ataukalia karibu akipumzika. Hakuna halmashauri ya mji duniani iliyofilisika kwa mstari wa jiwe.

Tena jambo hili si ndoto yangu. Limekwisha tendeka kwingine. Uwanja wa White City wa London, uliojengwa kwa Olimpiki ya mwaka 1908, ulibomolewa mwaka 1985. Majengo ya ofisi yakachukua nafasi yake, lakini mahali ulipokuwa mstari wa mwisho pametiwa alama ardhini, na mpita njia hujua amekanyaga nini. Huko Pittsburgh, Marekani, uwanja wa besiboli wa Forbes Field ulifungwa mwaka 1970, na chuo kikuu kikajenga juu yake. Chuo hakikuona haya kuhifadhi ndani ya jengo lake, chini ya kioo, kibao ambacho wapigaji wa mpira walisimama kando yake. Na nje kipande cha ukuta wa uwanja kimeachwa. Kila tarehe 13 Oktoba watu hukusanyika penye ukuta ule na kusikiliza upya matangazo ya redio ya mchezo wa mwaka 1960 ambao timu yao ilishinda kwa pigo la mwisho. Ukuta ule hauzuii mvua wala upepo, lakini umewapa watu mahali pa kurudi. Na New Zealand yenyewe isidhaniwe haijui. Katika mji mdogo wa Whanganui, ambako Snell aliweka rekodi ya maili wiki moja kabla ya mbio zake za Lancaster Park, sanamu yake ya shaba imesimama tangu mwaka 2009, katika uwanja ule ule alikokimbia.

Nimefika sasa kwenye pingamizi la tano, ambalo husemwa kwa kunong’ona: “Snell ni wao, Bayi ni wenu. Mkitaka kumkumbuka, mkumbukeni kwenu.” Neno hili lina sura ya haki na moyo wa choyo. Mbio hazina mtu mmoja. Utukufu wa siku ile ulitengenezwa na wawili, mmoja aliyetangulia na mmoja aliyemfukuza. Ukimwondoa Mtanzania, Walker anabaki akikimbia peke yake. Tena kuna sababu nyingine, nayo ni chungu. Watu wa riadha walitazamia wawili hao wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwamo, yalijitoa katika Michezo kwa kupinga. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500, na Bayi hakuwapo. Miaka mitano baadaye, Agosti 1981, timu ya Afrika Kusini ilicheza katika Lancaster Park penyewe, na wananchi wa mji ule waliandamana kuipinga.

Kwa hiyo viwanja vile viwili ni sura mbili za habari moja. Katika kimoja, mwaka 1974, kijana wa Karatu na kijana wa New Zealand walikimbia kwa haki, na watu wakamshangilia mgeni aliyemshinda mwenyeji. Katika kingine, mwaka 1981, mchezo ulitumiwa kulipaka dhuluma rangi ya kawaida, na wenye dhamira njema wakakataa. Bayi alipoteza nafasi yake ya Montreal kwa ajili ya kanuni ambayo waandamanaji wale waliitetea baadaye mitaani kwao. Nani basi atathubutu kusema kwamba jina lake ni geni katika mji ule? Mji unaoheshimu waandamanaji wake una wajibu wa kumheshimu mtu aliyetangulia kulipa.

Nini basi nataka? Nataka mambo matatu, nayo nayasema waziwazi. La kwanza, mstari wa mwisho wa mwaka 1974 upimwe kwa ramani za zamani na ulazwe tena mahali pake, hata kama utapita katikati ya bustani au penye maegesho ya magari. Usihamishiwe Ngā Puna Wai kwa kuwa huko ndiko wakimbiako wa leo. Alama iliyohamishwa ni barua iliyopelekwa nyumba ya jirani. La pili, majina matatu yaandikwe, Bayi, Walker na Jipcho, pamoja na nyakati zao, kwa Kiingereza, kwa Kimaori na kwa Kiswahili. Kiswahili hakiombwi hapo kwa hisani. Lugha ile ilikuwapo uwanjani siku ile. La tatu linatuhusu sisi. Vyuo vyetu, vyama vyetu vya riadha na ubalozi wetu usingoje waliko mbali watukumbushe mali yetu. Tuwaandikie, tuchange, tuwapelekee maneno ya kuandikwa, yaliyotungwa vizuri na yasiyozidi mistari minne.

Na kabla ya kuitia barua hiyo katika bahasha, tujitazame. Uwanja wa Uhuru wa Dar es Salaam ndio uliopokea bendera ya Tanganyika Desemba 1961. Umekarabatiwa, na utakarabatiwa tena, kwani ndiyo hali ya viwanja. Je, mtoto wa leo anaweza kuonyeshwa hatua kwa hatua mahali ulipokuwa mlingoti wa usiku ule? Swali hili nawaachia wenye madaraka, nami sitalijibu kwa niaba yao. Nasema tu kwamba mwenye kudai jiwe ugenini ajiandae kuulizwa juu ya jiwe la kwake. Kupima na kutia alama kuna wakati wake, nao ni wakati kiwanja kingali hai na mashahidi wangali na macho. Kungoja tetemeko au tingatinga ni kungoja maiti ipate kueleza umri wake.

Yule kijana alinirudishia utenzi wake baada ya wiki mbili. Sikumwamuru azifute beti za mwisho, wala hakuzifuta. Alibadili kitenzi tu: mahali alipokuwa ameandika kwamba mstari upo, aliandika na uwepo. Nilimpa alama zake zote. Kazi iliyobaki si yake.